Sura ya Nne: Neno Huja Likiitwa

Mwaka 2008 jarida la Science la Marekani lilichapisha utafiti mfupi ambao walimu wa lugha wa Afrika Mashariki wana haki ya kuujua kabla ya watu wengine wote, maana maneno yaliyotumika humo ni yetu. Jeffrey Karpicke na Henry Roediger, wanasaikolojia wa kumbukumbu, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu jozi 40 za maneno: upande mmoja neno la Kiswahili, upande wa pili maana yake kwa Kiingereza. Mashua lilikuwa mojawapo. Wanafunzi wale hawakujua Kiswahili, na hiyo ndiyo iliyokuwa faida yake kwa watafiti, kwa kuwa kila mmoja alianzia sifuri. Kabla ya hapo, mwaka 1994, Thomas Nelson na John Dunlosky walikuwa wamekwisha kuchapisha orodha ya maneno 100 ya Kiswahili pamoja na vipimo vya ugumu wa kila neno kwa Mmarekani asiyeijua lugha hii. Ndiyo maana lugha yetu imepita katika maabara za kumbukumbu bila wenyewe kuwa na habari.

Utaratibu ulikuwa huu. Wanafunzi walisoma orodha, kisha wakapimwa: neno la Kiswahili linaonyeshwa, wao wanaandika maana. Wakarudia kusoma, wakapimwa tena, raundi baada ya raundi. Tofauti ilianza pale mtu alipolipata neno kwa mara ya kwanza. Kundi la kwanza liliendelea kulisoma neno hilo na kupimwa. Kundi la pili halikulisoma tena, lakini liliendelea kupimwa. La tatu liliendelea kulisoma ila halikupimwa tena. La nne liliachana nalo kabisa, kama anavyofanya mwanafunzi anayesema "hili nimeshalijua" akalipiga tiki na kusonga mbele.

Wiki moja baadaye waliitwa tena. Makundi mawili yaliyoendelea kupimwa yalikumbuka takriban asilimia 80 ya maneno. Makundi mawili yaliyoacha kupimwa yalikumbuka kama theluthi tu. Kuendelea kulisoma neno ambalo mtu ameshalipata hakukuleta tofauti ya maana. Kuendelea kuulizwa kulizidisha kumbukumbu zaidi ya mara mbili. Na kuna jambo linalonigusa kuliko hesabu hizo. Mwisho wa siku ya kwanza wanafunzi waliulizwa watakumbuka mangapi, na makundi yote manne yalikadiria karibu nusu. Wale waliokuwa wakijenga hawakujua kuwa wanajenga, na wale ambao maneno yao yalikuwa yakiyeyuka walitoka chumbani na matumaini yale yale.

Hapo ndipo sura hii inaposimama. Neno linakuwa la mtoto kwa kuitwa: akili yake iachwe peke yake mbele ya swali, ilitafute neno, ilitoe. Kuliona, kulisikia na kulinakili ni mlango wa kuingilia tu. Basi kila orodha, kila mchezo, kila chati ukutani tuvipime kwa swali moja: katika kipindi hiki cha dakika 40, kila mtoto ameliita neno mara ngapi bila kuchungulia?

Tuanze na desturi zilizozoeleka. Kunakili neno mara kumi daftarini: mara ya kwanza mtoto analitazama ubaoni, mara tisa zilizobaki mkono unaendelea wakati akili imekwenda mapumziko. Ameliita mara sifuri. Chati ya maneno ukutani inapendeza, na ukaguzi ukija mwalimu anasifiwa, lakini neno lililo mbele ya macho mwaka mzima halina haja ya kuitwa. Ningependa chati hizo zifunikwe kwa gazeti siku ya pili na kufunuliwa kwa dakika moja tu, baada ya watoto kuandika wanachokikumbuka. Kuitikia kwa pamoja nako nakupenda kwa jinsi kunavyolichangamsha darasa, ila ndani ya sauti ile kubwa wanajificha watoto wengi wanaofumbua midomo wakifuata wenzao. Mwalimu akiuliza, akanyamaza kwa sekunde kumi ili kila mmoja aandike jibu nyuma ya daftari, kisha ndipo darasa likaitikia, kazi inakuwa nyingine kabisa.

Fikiria darasa la watoto 80, na madarasa ya namna hiyo yapo. Mwalimu anauliza mmoja mmoja, kila swali na jibu lake vinachukua nusu dakika. Kipindi kizima kitaisha kila mtoto akiwa amejibu mara moja. Wape kadi, wakae wawili wawili, kila mmoja amuulize mwenzake maneno kumi kisha wabadilishane. Ndani ya dakika kumi darasa limeita maneno 800. Watapiga kelele, ndiyo. Mwalimu mkuu akipita dirishani aelezwe kuwa ile ni sauti ya kazi.

Kuita mara moja hakutoshi, kwa sababu ya namna tunavyosahau. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijitungia silabi zaidi ya 2,000 zisizo na maana yoyote, akawa anazikariri mwenyewe na kupima baada ya muda gani zimemtoka. Matokeo aliyachapisha mwaka 1885. Alipima kwa kuangalia ni juhudi kiasi gani ameokoa anapokariri upya kile alichokwisha kukijua. Baada ya saa moja zaidi ya nusu ya akiba hiyo ilikuwa imepotea. Baada ya siku moja ilibaki theluthi hivi. Baada ya mwezi ilikuwa bado kama moja ya tano. Kusahau kunakwenda mbio mwanzoni, kisha kunapunguza mwendo, kwa hiyo neno jipya linahitaji kuitwa upesi, kesho yake, na baadaye kwa nafasi zinazozidi kurefuka.

Chombo rahisi cha kulisimamia jambo hilo kilielezwa mwaka 1972 na Sebastian Leitner, mwandishi aliyefanya kazi Ujerumani, katika kitabu chake kuhusu jinsi ya kujifunza. Ni boksi lenye vyumba vitano na kadi ndani yake. Ratiba inaweza kuwa hii: kadi mpya zote zinaingia chumba cha kwanza, ambacho hufunguliwa kila siku. Ukilipata neno, kadi yake inahamia chumba cha pili, kinachofunguliwa kila baada ya siku mbili. Ukilipata tena, inakwenda cha tatu, cha mara moja kwa wiki. Halafu cha nne, cha wiki mbili. Halafu cha tano, cha mwezi. Ukilikosa, kadi inarudi chumba cha kwanza hata kama ilikuwa imefika cha tano. Boksi lenyewe linakuonyesha neno gani linahitaji jasho na lipi linahitaji kuguswa mara moja moja tu. Programu za simu kama Anki zinafanya kazi hiyo hiyo kwa hesabu za ndani zaidi, lakini shule zetu nyingi haziruhusu mwanafunzi kuingia na simu, na boksi la viatu linatosha.

Walimu wa Tanzania wana neno zuri la zana za namna hii: kufaragua, yaani kutengeneza zana kwa vitu vilivyopo. Karatasi moja kubwa ya manila inatoa kadi nyingi ikikatwa kwa mkasi. Vipande vya maboksi ya sabuni ni imara zaidi, na upande wa ndani ni mweupe au wa kahawia usio na maandishi. Maka peni moja inaandika kadi za darasa zima. Kila dawati liwe na boksi lake, na watoto wanaolikalia wawe ndio wenye mali.

Nini kiandikwe kwenye kadi? Hapa watu wengi wanaharakisha. Kadi yenye neno upande mmoja na maana ya kikamusi upande wa pili inafaa, lakini inamzoesha mtoto kukumbuka sentensi ya kamusi. Afadhali upande wa mbele uwe na hali inayoliita neno. "Mtu amepotelewa na pochi, wewe umeiokota na kumrudishia, naye amekupa zawadi." Nyuma: utotole. "Umelipa sehemu ya bei ili muuzaji asimuuzie mtu mwingine kabati." Nyuma: arubuni. Kesho mtoto akiwa dukani na mama yake, ni ile hali itakayomjia mbele yake, na neno litakuja nayo.

Maneno gani sasa yaingie boksini? Swali hili lina historia ndefu. Mwaka 1921 Mmarekani Edward Thorndike alichapisha kitabu cha walimu chenye maneno 10,000 ya Kiingereza aliyoyapanga kwa jinsi yanavyojirudia katika maandishi. Michael West, Mwingereza aliyefundisha Dacca huko Bengal, aliligeuza jambo hilo kuwa suala la haki kwa mtoto. Aliona kuwa vitabu vya kusomea vilivyopelekwa kwa watoto wa Kibengali vilijaa maneno adimu, tena yamesongamana kila ukurasa, kiasi kwamba mtoto hakuweza kusoma akafurahia. Alichofanya ni kuyaondoa maneno adimu, kuweka ya kawaida mahali pake, na kuyatawanya mapya ili yaje machache machache na kujirudia. Orodha yake ya maneno kama 2,000, iliyotoka mwaka 1953, ilitumika dunia nzima kwa miongo mingi. Paul Nation wa Chuo Kikuu cha Victoria huko Wellington, New Zealand, amefafanua hesabu iliyo nyuma yake: jamii 2,000 za maneno yanayotumika zaidi, yaani kila neno likihesabiwa pamoja na minyambuliko yake, zinabeba takriban asilimia 80 ya matini ya kawaida ya Kiingereza, wakati kusoma gazeti au riwaya bila msaada kunadai jamii 8,000 hadi 9,000. Maneno machache yanafanya kazi kubwa, na mengi sana yanafanya kazi ndogo ndogo. Mwalimu asiyejua hilo anaweza kutumia muhula mzima kwenye maneno ambayo mtoto hatakutana nayo tena.

Kuyahesabu maneno ya Kiswahili kunahitaji uangalifu wa aina nyingine. Anasoma, walisoma, tutamsomea na hawakusomeshwa ni neno moja au manne? Kompyuta isiyofundishwa itasema manne, na orodha yake itajaa viambishi. Ndiyo maana Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, aliyesimamia mkusanyo mkubwa wa matini za Kiswahili, alilazimika kujenga programu inayolichambua kila neno hadi kwenye mzizi kabla ya kulihesabu. Orodha ya darasani nayo ipangwe kwa mizizi. Mtoto aliyelishika chuja amekaribia kichujio, mchujo, uchujaji, chujwa na chujika, na akikutana na kichujio katika somo la sayansi hataogopa. Mchezo wa kumpa mzizi mmoja na dakika mbili atoe watoto wa mzizi huo wote anaowajua ni kuita kwa aina yake, na Kiswahili kimejaliwa kwa mchezo huo kuliko lugha nyingi.

Tahadhari nyingine ni pale maneno yanapohesabiwa. Ukihesabu magazeti peke yake, waziri na mkutano yatatangulia mbele sana, na sufuria na kikohozi yatabaki nyuma, ingawa mtoto wa darasa la pili anaishi na sufuria. Orodha nzuri inasikiliza pia uwanja wa mpira, gengeni, jikoni na msikitini au kanisani.

Kwa mtoto wa Tanzania kuna kizingiti kikubwa anachokikuta akiingia kidato cha kwanza. Tangu 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, halafu sekondari masomo mengi yanageuka kuwa ya Kiingereza, na ghafla baiolojia, jiografia na mengineyo yanadai msamiati mpya kwa siku hizo hizo. Mwaka 2000 Averil Coxhead, naye wa Wellington, alichapisha orodha ya jamii 570 za maneno yanayojirudia katika maandishi ya kitaaluma ya Kiingereza, bila kujali ni somo gani. Ningemshauri mzazi mwenye mtoto anayesubiri kuanza kidato cha kwanza aichukue orodha hiyo na boksi la Leitner, kadi chache kwa siku, mbele sentensi ya Kiswahili, nyuma neno la Kiingereza. Mtoto anayelijua jambo lenyewe kwa Kiswahili, akaelewa mvukizo ni nini au msuguano unaletwa na nini, anabeba jina jipya tu. Asiyelijua kwa lugha yoyote anabeba mizigo miwili kwa wakati mmoja.

Kenya kuna utamaduni wa orodha ambao naupenda sana, na papo hapo una kasoro inayofaa kurekebishwa. Kizazi kwa kizazi watoto wamekaririshwa misamiati kwa makundi: malipo, nomino za makundi, wana wa wanyama, sehemu za mwili. Ndani ya orodha hizo zimehifadhiwa johari ambazo huenda zingepotea. Fola, zawadi itolewayo mtu anapoonyeshwa mtoto mchanga kwa mara ya kwanza. Kiinua mgongo cha mstaafu. Masurufu ya msafiri. Dia ya aliyeua. Bumba la nyuki, tita la kuni, halaiki ya watu, thurea ya nyota. Mtoto anayeyajua haya ameambiwa jinsi jamii ilivyofikiri kuhusu fedha, wajibu na vitu vinavyokaa pamoja.

Kasoro iko katika kuyamimina yote siku moja. Mwaka 1993 Thomas Tinkham alionyesha kuwa maneno mapya yaliyo ya kundi moja la maana yanachukua muda mrefu zaidi kukariri yakifundishwa pamoja kuliko maneno yasiyohusiana, na mwaka 1997 Rob Waring akarudia jaribio hilo kwa wasemaji wa Kijapani akapata vivyo hivyo. Sababu inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kusahihisha zoezi la malipo: mtoto hajasahau neno, amelipata, ila analiweka mahali pa jirani yake. Fidia inaandikwa penye ridhaa, arubuni penye masurufu. Maneno yale yanafanana kiasi kwamba kila moja linalivuta lingine. Tiba ni kuyatawanya. Fola lije siku ya hadithi ya kuzaliwa kwa mtoto, masurufu lije siku ya safari, dia lije katika somo la historia. Kila moja likishakaa peke yake imara ndipo yakusanywe, yapangwe, yatofautishwe. Orodha ya malipo ifike mwisho wa muhula, na mtoto aitunge mwenyewe.

Michezo sasa, na kwanza ule wa bibi zetu. Kitendawili kimetengenezwa kwa ustadi wa ajabu kama chombo cha kufundishia. Anayetega hatoi jibu. Anatoa maelezo yaliyofichwa, wasikilizaji wanahangaika, wanataja hili na lile, wanakosea hadharani, na wakishindwa wanatozwa mji ndipo wafunguliwe. Mwaka 2009 Nate Kornell, Matthew Hays na Robert Bjork walichapisha majaribio yanayoonyesha kuwa mtu anayejaribu kujibu kwanza, hata akikosa, hulishika jibu sahihi vizuri zaidi kuliko aliyepewa muda wote huo kulisoma jibu tu. Kujaribu na kukosa kunaiandaa akili. Wazee wetu waliutunza utaratibu huo kwa sheria ya mchezo: hakuna kufunguliwa kabla ya kujaribu, na kushindwa kuna gharama, japo ni mji wa kutaja mdomoni tu.

Darasani kitendawili kinafaa zaidi kikitungwa na watoto. Wape maneno matano mapya ya wiki, kila kundi litunge kitendawili cha neno moja na kulitegea kundi jirani. Ili kutunga, mtoto lazima ajue kitu hicho kinafanya nini, kinafanana na nini na kinatofautiana na nini. Ili kufumbua, mwenzake lazima alitafute neno miongoni mwa matano. Wote wawili wameliita. Kundi likishindwa, mji usitolewe hivi hivi: aliyeshindwa ataje mji halisi na kuonyesha ulipo kwenye ramani.

Mchezo ninaouweka karibu na kitendawili kwa thamani ni ule wa maneno ya mwiko. Mtoto mmoja ana kadi yenye neno la kuelezwa, na chini yake maneno matatu asiyoruhusiwa kuyatamka. Kadi ya msuguano ina miiko ya sugua, joto na breki. Atalielezaje? Atasema ndicho kinachokuzuia usiteleze kwenye sakafu kavu, na kwenye sakafu yenye maji ya sabuni kimepungua. Huyo amefikiri fizikia. Mwenzake anatafuta neno, analipata, wanabadilishana. Watoto wenyewe waandike kadi za mchezo, kwa kuwa kuchagua maneno matatu ya mwiko kunawalazimu kujua ni maneno gani hukaa karibu na lile wanaloficha.

Bingo inafaa kwa darasa kubwa na haina gharama. Maneno ishirini yanaandikwa ubaoni, kila mtoto anachora vyumba tisa daftarini na kujaza maneno tisa anayoyachagua. Ubao unafutwa. Mwalimu hasomi neno, anasoma maana au hali yake, na mtoto aliye na neno hilo analifunika kwa kizibo cha soda au punje ya mahindi. Wote wanacheza kwa wakati mmoja. Mwalimu akisoma maneno yenyewe, kama wengi wanavyofanya, mchezo unageuka kuwa zoezi la kusikiliza tu.

Kwa kipimo hicho hicho mchezo wa kutafuta maneno yaliyofichwa kwenye gridi ya herufi, unaopendwa sana katika vitabu vya mazoezi, unaanguka. Maneno yameorodheshwa pembeni, mtoto anatafuta umbo linalofanana. Anaweza kulipata kila neno bila kujua maana ya hata moja. Ufutie orodha ya pembeni, weka maelezo ya maana badala yake, nao unainuka tena.

Scrabble, mchezo wa kuunda maneno kwa vigae vya herufi, inastahili nafasi zaidi. Aliyeibuni ni Alfred Butts, msanifu majengo wa jimbo la New York aliyepoteza kazi wakati wa mdororo mkuu wa uchumi miaka ya 1930. Ili kujua kila herufi iwe na vigae vingapi, alizihesabu herufi kwenye kurasa za magazeti, likiwamo New York Times. Mwaka 1948 James Brunot aliupa mchezo jina linalojulikana leo. Seti ya Kiingereza ina vigae 100: E 12, A 9, K kimoja tu chenye alama 5, W viwili, Q kimoja, X kimoja. Jaribu kucheza Kiswahili kwa seti hiyo. K imekwisha kabla hujaandika kikapu, A zinakauka katikati ya mchezo, na Q na X zinakaa mkononi kama deni.

Njia ya haki ni kufanya alichofanya Butts, kwa Kiswahili. Darasa lichukue ukurasa wa gazeti la Mwananchi au Taifa Leo, wahesabu herufi 1,000, wajaze jedwali. Kila herufi ipate kigae kimoja kwa kila mara kumi ilizojirudia, na vigae vitafika kama 100. Herufi adimu zipate angalau kimoja na alama nyingi. Hapo kuna somo la hisabati, asilimia na makadirio, kabla mchezo haujaanza. Watabishana pia kama CH iwe kigae kimoja au viwili, na NG' iandikweje. Waachwe wabishane, wako katikati ya sarufi ya lugha yao. Mimi ningewapa CH kigae chake. Kamusi iwe mwamuzi, na kulitafuta neno kamusini ni zoezi lenyewe: anayetaka kuthibitisha mapito lazima ajue kwamba safari inaanzia pito au pita.

Lakini Scrabble ina hatari moja, na kuna mtu anayeionyesha waziwazi. Nigel Richards wa New Zealand alishinda ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa nchini Ubelgiji mwaka 2015 bila kujua kuzungumza Kifaransa. Alikuwa amekariri kamusi ya mchezo, maelfu kwa maelfu ya maneno kama mifuatano ya herufi. Namheshimu kwa dhati, ni kipaji cha nadra. Ila anatuthibitishia jambo la sura hii: alichokuwa akikiita kichwani ni tahajia, na tahajia ndiyo aliyokuwa nayo. Kwa hiyo darasani alama zisiandikwe mpaka mchezaji aseme sentensi yenye neno lake, na wenzake waikubali.

Inabaki kadi sumbufu. Katika kila boksi zipo chache ambazo kila zikifika chumba cha pili zinarudi cha kwanza, wiki hadi wiki, na mtoto anaanza kuzichukia. Kuzirudia vile vile hakutazisaidia. Kadi ikirudi mara nne ichanwe, na neno lipewe njia nyingine ya kuingilia. Mwaka 1975 Richard Atkinson na Michael Raugh wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwafundisha wanafunzi wa Kimarekani maneno ya Kirusi kwa njia ya kulitafutia kila neno geni neno la nyumbani linalosikika kama lile, kisha kuunda picha ya kichwani inayounganisha sauti hiyo na maana. Waliofundishwa hivyo walikumbuka mengi zaidi kwa kiasi kikubwa. Mtoto wa Mombasa anayelikosa thurea kila siku bila shaka amewahi kusikia mtu anaitwa Thuraya. Amwone Thuraya huyo amelala chali juu ya dari usiku, uso wote umejaa nyota. Aandike kadi mpya kwa mkono wake, achore nyota mbele, airudishe chumba cha kwanza, na kesho asubuhi mwenzake wa dawati amuulize kabla ya salamu.